Umeme Uliorudi Kwenye Laini

Kila asubuhi Ogeto alifungua kisiagi chake hapa Magwagwa. Watu walileta mahindi na wimbi. Mkewe, Kemuma, alipokea mifuko na kukinga unga. Lakini stima ilikuwa ikipotea ovyo. Ikipotea, wateja walibeba mifuko yao wakaenda kwingine.

Basi Ogeto akanunua paneli za sola, betri na inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa jua uwe kama stima ya kawaida. Hakuita fundi mwenye leseni. Aliunganisha inveta na waya za jengo kwa mkono wake.

"Si hatari?" Kemuma aliuliza.

"Umeme ni umeme," Ogeto akajibu. "Wa jua na wa kampuni, yote inaingia humu."

Kisiagi kikasaga, stima iwepo isiwepo. Ogeto alifurahi sana.

Mwezi wa nne ikanyesha mvua ya mawe. Tawi la mkaratusi likaangukia laini ya umeme. Waya ukakatika, ncha yake ikalala kando ya njia, karibu na shamba la majani chai. Asubuhi Owiti, fundi wa kampuni ya umeme, alifika kuutengeneza.

Kemuma alikuwa akirudi kutoka mtoni na mtungi wa maji. Jirani yao Syprose akamwita kutoka dukani.

"Mama Nyanchera, kwangu stima imerudi! Sikia friji inavyonguruma."

Kemuma alisimama. Waya bado ulikuwa chini. Stima hii imetoka wapi? Akatazama paneli juu ya paa lao, zinang'aa juani. Akaelewa. Mtungi ukamtoka mikononi.

"Owiti!" alipiga kelele akikimbia. "Usishike! Usishike huo waya!"

Owiti alikuwa ameinama, mkono umeshanyooka. Akaruka nyuma. Akatoa kipimo chake, akakisogeza karibu na waya. Kikalia, na taa nyekundu ikawaka.

"Laini hii nimeizima mwenyewe," alisema polepole. "Huu umeme ni wa nani?"

"Ni wetu," Kemuma akajibu.

Alikimbia kisiagini kumwambia mumewe, na Ogeto akazima kila kitu. Alitoka nje. Akaketi kwenye gunia.

"Ningeua mtu," alisema.

Owiti naye aliketi. Alikunywa maji kwanza.

"Mimi pia nilikosea," akasema. "Lazima nipime kabla ya kushika. Niliharakisha kuutoa waya njiani, watoto wasiukanyage. Lakini sikia, ndugu yangu. Umeme wa paa lako haukubaki kwako. Ulitoka, ukapanda kwenye laini. Fundi anadhani laini imekufa, kumbe iko hai."

"Basi niing'oe sola?"

"Hapana. Sola ni nzuri. Hata umeme unaobaki unaweza kuupeleka kwenye laini, wengine wautumie. Ila unaomba kampuni kwanza. Wanakuja kuangalia kama transfoma na waya za hapa zinaweza kuubeba. Fundi mwenye leseni anafunga inveta inayojizima yenyewe laini ikikosa stima. Halafu unawekewa mita inayosoma umeme unaoingia na ule unaotoka."

"Nami napata nini?"

"Umeme unaotoka kwako unapunguzwa kwenye bili yako."

Ogeto aliomba. Wakaguzi walikuja, wakapima, wakarudi tena. Ilichukua muda, na Ogeto alinung'unika. Kemuma akamwambia, "Wacha wapime. Sisi hatukupima." Hatimaye kibali kikatoka, na fundi mwenye leseni akafunga mitambo upya.

Sasa mchana jua likiwa kali, kisiagi kinasaga, na umeme unaobaki unaenda kwenye maduka ya senta. Bili ya Ogeto imeshuka. Majirani wawili wameuliza wafanyeje, naye amewapeleka kwa fundi huyo huyo.

Wiki iliyopita laini ilizimwa ili nguzo moja ibadilishwe. Inveta ikajizima papo hapo. Kisiagi kikanyamaza. Nyasani, mteja aliyeleta wimbi, alikasirika.

"Jua lote hili juu ya paa, na wewe husagi?"

Ogeto alivuta kiti, akamkaribisha.

"Keti, mama," alisema. "Kuna mtu juu ya nguzo. Tutasaga akishuka."