Neno Aliloficha Asma

Kila asubuhi kabla ya shule, Asma alijipaka mafuta mikononi, akaisugua mpaka ikapata joto, kisha akamkanda tumbo mdogo wake Djibril. Djibril alizaliwa kwa miezi saba, na matumbo ya mtoto kama huyo huchelewa kujua kazi yake. Muuguzi aliwafundisha: vidole viwe vyepesi, vizunguke kama mshale wa saa, na kamwe mtoto asikandwe akiwa ametoka kunyonya. Sasa Djibril alikuwa na mashavu ya kunenepa.

Lakini Asma hakuwa amesahau. Siku Djibril alipotoka hospitali, jirani yao Nasiba alicheka mbele ya wasichana wote waliopanga bidoni zao za maji kwenye robine, bomba la mtaa.

"Muangalie mutoto wa kwao Asma! Ni panya walifunga mu kitenge!"

Asma alibeba bidoni yake juu ya mawe meusi ya volkano, neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku yako itafika, alisema moyoni.

Ikafika. Mama yake Nasiba naye alijifungua kabla ya wakati. Tumbo la mtoto, Idrissa, likawa gumu kama ngoma. Muuguzi alimpima, akasema ni gesi tu, akandwe. Jirani zao, kina Asma, wangewaonyesha namna, alisema. Basi Nasiba akaja, macho chini.

"Asma ndugu yangu, unionyeshe."

"Nikuonyeshe kukanda panya?"

"Nilikosa. Unisamehe."

"Sema kwa nguvu! Hata kule kwa robine wasikie."

Nasiba akasema kwa nguvu, machozi yakimtoka. Asma aliona utamu, lakini haukumtosha. Akamwonyesha vidole, akamwonyesha mzunguko. Habari ya kunyonya akaibana chini ya ulimi. Mtoto amtapikie Nasiba nguo, aliwaza. Anuke maziwa, naye achekwe.

Mchana ule ule kelele zikatoka kwa kina Nasiba. Asma na mama yake wakakimbia. Idrissa alikuwa chali, maziwa yanamtoka mdomoni na puani, uso umebadilika rangi. Mama akamgeuza ubavu, akampangusa, mpaka mtoto akavuta pumzi na kulia.

"Nimefanya vile Asma alinionyesha!" Nasiba alilia.

Mama akageuka. "Asma, ulimwambia angoje maziwa yashuke?"

Asma angeweza kusema ndiyo. Nani alisikia? Akamtazama Idrissa, kifua kidogo kikipanda na kushuka.

"Hapana, mama. Niliacha kwa makusudi."

Mama hakumpiga. Walimpeleka mtoto kwa muuguzi kwanza, wakarudi na habari njema. Baadaye, maziwa yalipokwisha kushuka, mama akamketisha Asma karibu na Nasiba afundishe upya, kila neno kwa sauti. Vidole vya Nasiba vikazunguka, vikazunguka. Ghafla Idrissa akaachia ushuzi mrefu, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na miguu yake ikalegea.

"Panya yetu imesema!" Nasiba alicheka huku analia.

Asma hakucheka.

"Umeona, mwanangu?" mama alisema. "Nasiba ndiye aliyekukosea, lakini pua iliyozibwa ni ya Idrissa. Kisasi hakijui kuchagua wa kumwangukia. Na mwenye kujua dawa akaificha nusu, huyo amegawa sumu."