Dakta wa Sinema

Mwaka ule wa 1973 wakulima walikuwa wamelipwa pamba, na posta ya Musoma ilifurika watu mpaka mlangoni. Nyangi, binti Mzee Ryoba wa Butiama, ndiye aliyekuwa akiunganisha simu. Alivaa gauni la njano lililombana kiunoni, na alijua limembana. Mwanamume mmoja mrefu, shati limepauka lakini kola imenyooshwa kwa pasi, akajipenyeza hadi dirishani.

"Dada, nipe Kampala."

"Kampala nzima? Utaibebea wapi?"

Foleni ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Basi nipe mama yangu tu."

Nyangi akaacha utani. Laini haikupatikana. Akaja kujua kwamba huyo ni Rafaeli Odong, daktari, mkimbizi kutoka Uganda, amepewa kazi hospitalini na chumba mtaa wa Kamunyonge. Kesho yake akarudi.

"Laini bado mbovu, Dakta."

"Leo sikufuata laini."

Tangu hapo simu ya hospitali ikawa haitulii.

"Posta hapa. Unaumwa wapi?"

"Kifuani."

"Meza aspirini ulale."

"Nimemeza, mpenzi. Jina lako halishuki."

Mzee Ryoba alimpenda kijana huyo asiye na kwao. Lakini Mzee alikuwa na ngiri ya miaka mingi, akiificha chini ya koti refu. Akamwita bintiye pembeni.

"Huyu akikuoa anakuwa mkwe. Mkwe haonagi uchi wa baba mkwe, hata kama nakufa. Kwa hiyo anipasue hii ngiri kwanza. Nikipona, harusi."

Rafaeli aliona ni haki. Alimpima Mzee ndani ya nyumba, mlango umefungwa, akatoka akitabasamu. "Pamba ikishavunwa, Mzee. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Kabla pamba haijavunwa wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatengeneza sinema ya kijiji cha ujamaa, wakataka daktari amwonyeshe mwigizaji wao namna ya kushika kisu. Mwongozaji akamtazama mwigizaji, akamtazama Rafaeli, akamrudisha mwigizaji nyumbani. Mtu aliyevuka mpaka akificha uso, leo uso wake unawashiwa taa! Ikamlevya. Sinema ilipokwisha wakamwita Dar kwa nyingine, akaacha kazi hospitalini, akapanda basi.

"Mavuno yamepita, mpenzi," Nyangi alimwambia kwenye simu. "Baba anauliza."

"Mwezi ujao, sukari yangu. Kimebaki kipande kimoja."

"Unasemaga hivyo kila mwezi."

"Nyangi, huku watoto wananiita kwa jina barabarani. Unajua hiyo ni nini kwa mtu kama mimi?"

Alijua. Ndiyo maana alimsamehe, maskini wa Mungu.

Kisha ngiri ikakaba. Mzee akawa anatapika, tumbo gumu kama ubao. Majirani wakaleta gari wampeleke hospitali, akakataa katakata.

"Nimeshamwonyesha mtu mmoja uchi wangu. Siwaonyeshi wawili. Mwiteni yule."

Nyangi akapiga simu Dar. Mtu mwingine akapokea.

"Bwana Odong yuko mbele ya kamera."

"Mwambie baba anakufa!"

"Ataambiwa, dada."

Akapiga tena, na tena. Mzee Ryoba alikata roho akiuliza kama kijana amefika.

Sinema ilipoletwa Musoma, Rafaeli akaja nayo. Alimkuta Nyangi stendi mchana, kitambaa cheusi kichwani, akisubiri basi la Butiama. Yeye alivaa suti ya Kaunda, viatu vinang'aa.

"Hawakuniambia, Nyangi. Naapa kwa mama yangu, hawakuniambia mpaka kazi imekwisha."

"Nakuamini."

Alimwamini kweli. Na alikuwa bado anampenda, hiyo ndiyo balaa yenyewe.

Rafaeli akapiga magoti vumbini na suti yake. "Mama simpati, nchi sina. Nina wewe tu. Nikuoe, Nyangi." Machozi yakamtoka, machozi ya kweli. Nyangi akanyoosha mkono amwinue.

"Si yule dakta wa sinema?" mtu akapaza sauti.

Watu wakajaa. Abiria wakateremka kwenye mabasi, mama mmoja akapiga vigelegele. "Ni yeye! Kamera iko wapi? Dakta, sisi wa huku hatukuoni!"

Na Rafaeli, machozi yakimtiririka, akageuza uso kidogo upande ule ili wamwone. Pengine hata hakujua kwamba ameugeuza. Nyangi alijua. Akaurudisha mkono.

"Nyangi?"

"Malizana na watu wako, Dakta."

Akapanda basi, akakaa dirisha la upande wa pili. Basi lilipoondoka walikuwa bado wanampigia makofi, naye bado amepiga magoti.