Mifuko Kumi na Miwili ya Udongo

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kopo lake la vifungo, lililojaa pomoni. Kwake hakikutupwa kitu. Hata vidonge vya hospitali vikibaki, alivitia humo humo. "Akiba haiozi," alisema, na nani ambishie?

Kitu kimoja tu alikificha: kazi ya binti yake. Wateja wakiuliza, alijibu, "Yuko ofisini." Ofisini wapi! Binti alishinda kinamasini, matope hadi magotini, akichota udongo wa kupeleka maabara. Mama aliona haya. Miaka yote ile ya shule, halafu matope?

Asubuhi moja binti alirudi na mifuko kumi na miwili, akaiweka mlangoni, akaenda kuoga. Siku hiyo bibi harusi alikuwa anakuja kupima gauni. Mama Vifungo akatazama gauni jeupe, akatazama mifuko. Lo! Mbio mbio akaumwaga udongo wote kwenye vyungu vya maua, akaifua mifuko, akaianika kambani.

"Mama, udongo wangu uko wapi?" binti aliuliza alipotoka bafuni.

"Kwenye maua. Kwani udongo si udongo tu?"

Binti aliketi palepale kizingitini. "Nimeutafuta wiki tatu, mama. Unajua natafuta nini?"

"Hujaniambia."

"Hujaniuliza."

Ilikuwa kweli.

"Basi mweleze sasa," alisema baba. Alikuwa amekaa ndani, mguu wenye kidonda juu ya kigoda.

Binti akafuta machozi. "Udongoni mna bakteria wengi mno. Si wote wabaya. Wanagombania chakula, na wengine hutoa kemikali za kuwaua wenzao. Dawa kadhaa za hospitali zilipatikana hivyo. Tunatafuta mpya, maana za zamani zinaanza kushindwa."

"Zinashindwaje?" mama aliuliza.

"Mtu akimeza vidonge kiholela, viwili leo, kimoja keshokutwa, bakteria dhaifu hufa. Walio sugu hubaki, wakazaana. Mwishowe dawa ile haiwaui tena."

Mama Vifungo alihisi uso unawaka. Mumewe alikuwa hataki foleni za hospitali. Miezi miwili sasa, kila mguu ulipomuuma, yeye ndiye aliyemchagulia kidonge koponi. Chekundu kikikosa kufaa, alimpa cha njano.

Akalimimina kopo mezani. Vifungo vikatapakaa, na vidonge katikati yake.

"Nilikuwa nampa hivi," alisema kwa sauti ndogo.

"Hiki ni cha nini, mama?"

"Sijui." Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mwanangu, nimemuumiza baba yako. Na kazi yako nimeimwaga. Nisamehe."

Siku hiyo hiyo walimpeleka baba hospitali. Daktari alipima usaha wa kidonda. Majibu yalipotoka, alisema bila kuficha, "Dawa ya kawaida imegonga mwamba. Ipo nyingine, lakini zinazobaki ni chache. Mngechelewa zaidi, mguu ungekuwa hatarini." Mama Vifungo aliinamisha kichwa hadi walipotoka.

Safari hii baba alimeza dawa kwa saa, kama alivyoelekezwa, mpaka siku ya mwisho. Vidonge vya kopo vilirudishwa duka la dawa. Kidonda kikafunga, likabaki kovu. Kila akiliona, mama hutazama pembeni.

Wiki iliyofuata aliazima viatu vya mvua, akaingia kinamasini na binti yake. Alipima kina cha kila shimo kwa utepe wake wa kupimia nguo. Mifuko kumi na miwili ikajaa tena. Baadaye maabara waliona bakteria mmoja wa udongo ule akiwazuia wengine kukua.

"Ndiyo dawa hiyo?" mama aliuliza.

"Bado sana. Huenda tukahangaika miaka, na tusiipate."

Bibi harusi alipokuja kuchukua gauni, macho yake yalitua kwenye kucha za fundi.

"Mama Vifungo, mbona una matope?"

Haraka akaificha mikono chini ya kitambaa. Kisha akaitoa, akaiweka mezani.

"Mwanangu anachota udongo kinamasini," alisema. "Na mimi humsaidia. Vuta kiti, nikueleze."