Karatasi Kumi na Mbili za Bunduki

Ijumaa ni siku ya kupumua. Truphena, mfanyakazi wa nyumbani hapa Riyadh, alipewa ruhusa na madam wake, akaenda mtaa wa Malaz kula chapati kwa rafiki yake Mwatime. Wakenya kumi na wawili walijaa sebuleni. Walikuwa wakiandika maoni ya kupeleka serikalini nyumbani Kenya: je, wafugaji waruhusiwe kuwa na bunduki za kulinda mifugo?

Katibu wao, Silas, ni mtu wa haraka, jamani. Aliuliza mmoja tu wa kila kabila, kisha akaandika jibu la kabila zima.

"Wapokoti, ndiyo," alisema baada ya kumsikia Mzee Bonface. "Halas, tumemaliza."

Truphena pia ni Mpokoti, na moyo ulimuuma. Kaka yake aliuawa kwa bunduki ya jirani katika ugomvi wa malisho. Sasa watu wangesoma kwamba hata yeye anataka bunduki. Lakini ampinge Mzee Bonface mbele za watu? Alikunywa chai yake tu.

Mwatime alimwona. Huyu alikuwa karani wa sensa kule Kwale, na kazi ya kubahatisha humkera sana.

"Silas, umeuliza watu wanne, umeandika kumi na wawili."

"Si watu wa kabila moja wanajuana?"

"Kujuana sawa. Mawazo, kila mtu ana yake. Mpe kila mtu karatasi. Swali liwe lile lile. Aandike kabila, jibu na sababu. Jina asiandike, ili asiogope mtu. Kisha tuhesabu."

Truphena aliandika: "Hapana. Bunduki ya jirani ilimuua kaka yangu. Tuletewe polisi." Akaikunja, akaitia kwenye sufuria pamoja na za wenzake.

Mwatime alisoma. Waluhya walikuwa wawili tu, Silas na mkewe Rosebellah: ndiyo moja, hapana moja. Silas alimgeukia mkewe. Rosebellah aliendelea kutafuna chapati yake.

"Wapokoti watatu," Mwatime alisema. "Ndiyo moja. Hapana mbili."

Truphena alishtuka. Nani mwingine?

Mzee Bonface alikohoa.

"Moja ni yangu," alisema polepole. "Mwanzo nilisema ndiyo. Nilidhani ndivyo nyinyi mnavyotaka."

Silas aliichana orodha ya kwanza. Akaandika upya majibu yote kumi na mawili, na sababu zake. Truphena alimmiminia Mzee Bonface chai, akaketi karibu naye.