Drafti Aliyoiacha Mzee Uzi

Yaliyompata baba yangu yalianza Jumanne, saa nne asubuhi, siku isiyo na kichwa wala miguu kama siku zangu nyingine zote. Nilikuwa mezani jikoni, chai imeshapoa, nasoma barua pepe ya tatu mwezi huo ya kunyimwa kazi, inayoanza na we regret to inform you. Nina shahada ya takwimu, upper second, daraja la pili la juu, na kwa miaka mitatu kazi yangu kubwa imekuwa kutumwa chumvi dukani. Kaka yangu, aliyeacha shule kidato cha pili na sasa ana gereji yenye mafundi sita, huniita Profesa. Halisemi kwa ubaya. Ndiyo maana linauma.

Siku hiyo alipiga simu kunipa kazi. Alikuwa amemnunulia baba tableti ya mtumba, akataka nimtafutie gemu ya drafti iliyo bora kuliko zote. Profesa si mtafiti? Basi tafiti, yeye atalipia.

Baba alikuwa na miezi miwili tangu apigwe na kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka yamekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa mstaafu aliyecheza drafti kila alasiri barazani kwetu, miaka ishirini, na mtu mmoja tu: fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Uzi kwa sababu hakukosa nyuzi kwenye kola. Walikuwa wakitukanana mpaka magharibi. Mama alisema wale wawili wangeoana, yeye angebaki mpishi wa harusi.

Wiki moja kabla ya kiharusi cha baba, Mzee Uzi aliinuka katikati ya mchezo kwenda kumpima mteja. Alimwambia baba asiguse kete, zamu ni yake yeye Uzi, anarudi sasa hivi. Mteja alimkuta kwenye kiti cha dukani, futi ya kupimia ikiwa shingoni, ameshakata roho.

Ubao ulibaki barazani, umefunikwa kanga. Wazee wale walikuwa na sheria yao, na waliishika kuliko dini: mchezo ulioachwa haufutwi mpaka wote wawili wakubali kuufuta, na haumaliziwi na mtu mwingine. Mama hata ufagio hakuupitisha chini ya meza ile. Baba naye, tangu arudi hospitalini, alikuwa akikaa dirishani na kuitazama ile kanga.

Nikaanza utafiti. Siku tatu, gemu tatu, na daftari lenye vigezo, maana msomi bila vigezo ni mlalahoi tu. Mchezo wa mezani ukihamishiwa kwenye kioo, swali ni moja: umeacha nini njiani? Gemu ya kwanza ilikuwa bure, na kila baada ya hatua nne ilileta tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Baba alifumba macho. Nyota moja. Ya pili ilikuwa na sura nzuri ajabu, mbao zinang'aa, kete zikigusana unasikia ko, ko. Lakini kompyuta ilijibu kabla baba hajainua kidole. Haikukuna kichwa, haikutukana, haikuchungulia barabarani kuona nani anapita. Unacheza na ukuta. Nyota mbili, na moja ni ya mbao.

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura. Miraba ya kijivu, kete bapa, hakuna jina la aliyeitengeneza, hakuna maoni ya mtu hata mmoja. Lakini ilikuwa na kitu ambacho zile nyingine hazikuwa nacho. Kitufe kilichoandikwa Mchezo uliobaki. Ukikibonyeza, unapanga kete vile zilivyokuwa mahali pengine, halafu unaendelea.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa upendo, jambo ambalo halipunguzi kitu.

Nilitoka barazani, nikainua pembe ya kanga, nikapiga picha. Baba alikuwa na kete tano, Mzee Uzi nne. Nikazipanga zote kwenye kioo. Gemu ikauliza jina la mpinzani. Ningeweza kuandika kompyuta. Nikaandika Mzee Uzi. Ikauliza zamu ya nani. Nikaweka yake, maana ndiyo ilikuwa haki. Nikamwekea baba tableti mapajani, nikasubiri anisifu.

Haikujibu haraka. Dakika tano. Kumi. Nikadhani imekwama, nikanyoosha mkono niizime. Baba akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Dakika ya ishirini na kitu, kete moja ya upande wa pili ikasogea, taratibu, kama inayosukumwa na kidole kizito.

Baba akacheka. Tangu hospitalini hakuwa amecheka. Kisha akaninong'oneza, maneno yakipishana mdomoni.

"Amekuja."

Mama alilia kwa furaha siku ile. Kaka alipiga simu kusema Profesa leo umefanya kazi. Nikaandika kwenye daftari: gemu ya tatu, nyota tano, nunua bila kufikiri.

Ijumaa baba alipoteza kete ya kwanza. Alasiri yake alikuja jirani anayetuletea maziwa, mama mmoja mcheshi ambaye baba humtania kwamba maziwa yake yana maji kuliko mto. Alimsalimia. Baba akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu uliyekaa naye foleni moja benki. Akamuuliza mama yangu, huyu mgeni ametoka wapi.

Tukasema ni uchovu.

Jumapili akapoteza ya pili. Jumatatu akaja shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Akakaa saa nzima ameshika mkono wa kaka yake. Alipoondoka, baba alisema yule mama ni mwema, Mungu amlipe, lakini mbona analia kwenye nyumba za watu.

Daktari alisema ni viharusi vidogo vidogo, hutokea, kumbukumbu huenda kwa mafungu. Akatuandikia vidonge. Mimi nina shahada, najua mbili si sampuli. Matukio mawili si chochote, profesa wangu angenifukuza darasani. Lakini nilirudi nyumbani nikahesabu kete za baba kwenye kioo. Tatu. Nikahesabu watu waliobaki mle ndani ya kichwa chake. Mama. Kaka. Mimi.

Baba naye alikuwa amekula kete mbili za Mzee Uzi. Hakuna kilichorudi.

Nikamweleza mama jikoni, kwa sauti ya chini, nikitarajia aniambie kusoma kumenitia wazimu. Hakusema hivyo. Aliweka kisu chini.

"Jina la Mzee Uzi uliliandika?"

"Nililiandika."

Akaketi. Akauliza kama nilijua sheria yao. Nikasema nilijua, ila nilidhani ni mambo ya wazee. Basi kafute, akasema, wafute wote wawili kama walivyozoea.

Kitufe kilikuwapo. Futa mchezo. Nikakishika kidole gumba cha baba, nikakibonyezea pale. Kioo kikaandika: Upande mmoja umekubali. Inasubiri mpinzani. Tukasubiri, mimi na mama, tumemwinamia baba kama watu wanaosubiri mayai yachemke. Saa nzima. Kisha: Mpinzani hajakubali.

Si hataki. Hajakubali. Kama mtu aliyeulizwa, akafikiri.

Nikaiondoa gemu yote. Uninstall, zima, tableti juu ya kabati, chini ya mablanketi. Siku hiyo baba hakula. Ya pili hakula. Ya tatu, Alhamisi, kaka alifunga gereji mchana, akaja mbio na mafuta mikononi, akapiga magoti mbele ya kiti. Baba aliyatazama yale mafuta. Akamwambia gari halipo siku hizi, fundi, pole kwa kupotezewa muda.

Kaka ana kilo mia na kidogo. Sijawahi kumwona amekuwa mdogo vile. Alitoka, akasimama uani, ameupa mgongo mlango.

Nikaitoa tableti juu ya kabati. Nikaiwasha. Gemu ilikuwa pale pale, sikuirudisha mimi. Kete za baba zilikuwa mbili.

Mzee Uzi alicheza peke yake. Ukimchelewesha, anacheza peke yake.

Tukakaa sebuleni saa nane mchana, jua limejaa chumba kizima, watoto wa jirani wanapiga kelele nje. Baba kitini. Mama kulia kwake. Mimi kushoto. Zamu ilikuwa ya baba. Niliitazama hali ile kwa kila njia niliyofundishwa, nikaichora, nikaihesabu. Ukisogeza kete ya huku, inaliwa. Ukisogeza ya huku, inaliwa. Hakuna hatua ya tatu. Na tusipocheza, mwenzetu atachagua mwenyewe.

Moja ilikuwa mama. Moja ilikuwa mimi. Sikujua ipi ni ipi.

"Baba," nikanong'ona. "Mimi ni ipi?"

Aliinua macho kutoka kwenye kioo. Alijua. Nililiona hilo usoni pake, na ndilo lisilonitoka mpaka leo. Alimtazama mama. Akamtazama muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akanigeukia mimi. Jicho la upande uliokufa lilikuwa na maji.

Nilitaka kusema, nitoe mimi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Watu husema kwamba ingekuwa wao wangesema. Mimi sikusema. Nilifunga mdomo, nikaomba, Mungu anisamehe, nikaomba iwe mama.

Kidole gumba kikashuka.

Kikasogea.

Upande wa pili haukufikiri dakika ishirini safari hii. Ulikula papo hapo.

Baba akainua kichwa. Akanitabasamia. Na maneno yakamtoka yamenyooka, safi, bila kukunjamana hata moja, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Asante, binti, kwa kuniletea hii. Wewe ni wa nani?"

Mama akaweka mkono mdomoni. Mimi nikasema mimi ni wa tableti, nimekuja kuangalia kama inafanya kazi. Akasema inafanya kazi vizuri sana. Maneno yake yaliyofuata yakarudi kukunjamana, na hayajanyooka tena.

Hiyo ni miezi minne sasa. Kila asubuhi mimi hubisha hodi kwenye chumba cha baba yangu mzazi, najitambulisha, ananikaribisha kiti. Ananiuliza nimesoma. Namwambia takwimu. Anasema vizuri, hutakosa kazi. Kaka akija tunakaa jikoni, wageni wawili wa nyumba tuliyozaliwa, tunapeana sukari. Haniiti Profesa tena. Ningelipa aniite.

Mama bado anajulikana. Hatoki pale. Analala kwenye kiti kando ya kitanda, ameshika mkono ule mzima, na akienda kuoga huoga mlango wazi ili baba asikie maji. Kwenye kioo imebaki kete moja, na zamu si yetu. Ni ya Mzee Uzi. Tangu Alhamisi ile anafikiri.

Tulishaivunja tableti? Kaka alitaka, kwa nyundo ya gereji. Mama alimzuia. Alimuuliza swali moja tu: mara ile mlipoificha, ilikuwaje? Kaka akaweka nyundo chini. Kwa hiyo ipo, mezani, imechomekwa kwenye umeme, hatuthubutu kuiacha izime. Tunaitunza kama mgonjwa wa pili.

Watu huniandikia, maana lile daftari nilikuwa nimeshalitia mtandaoni kabla ya yote haya, kwa tamaa ya kujulikana. Wanauliza, dada, katika gemu za mezani zilizohamishiwa kwenye simu, ipi inafaa kununua? Nawajibu nunueni ile yenye matangazo ya dawa ya tumbo. Wanadhani nafanya mzaha. Ile ya tatu nimeitafuta dukani ili niiripoti, sijaiona. Haipo, na hakuna mahali panapoonyesha iliwahi kuwapo.

Jana nilikuwa nikifuta vumbi mezani. Kioo kilikuwa kimefifia kidogo, na jua la dirishani likakipiga ubavuni, nikaona alama za vidole. Upande wa chini, wa baba, kulikuwa na madoa ya gumba lake, yote ya mkono wa kushoto. Upande wa juu kulikuwa na mengine, yamekuja kutoka ng'ambo, yanaelekea kwetu, mistari mirefu ya kidole kinachosukuma kitu bila haraka. Kompyuta haigusi kioo. Nilijiambia hivyo kwa sauti, mwenyewe, kama mwalimu.

Nikachukua kitambaa chenye maji. Madoa ya baba yakafutika yote. Yale mengine nikasugua. Nikatia sabuni. Nikasugua tena mpaka ukucha ukauma.

Yako upande wa ndani.

Leo asubuhi limeongezeka moja. Si mstari, ni duara, la kidole kilichotua na hakijasogea bado. Limekaa juu ya kete ya Mzee Uzi iliyo jirani na ile ya mama. Na kioo pale, ukigusa kwa nje, kina uvuguvugu.