Mumbua Aizoea Theluji

Jioni moja Mumbua alikuwa akizungumza na mama yake kwa simu ya video. Mama yake ni muuguzi. Alikuwa ametangulia Kanada kikazi. Nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe na kimya: miti, magari, hata paa za nyumba.

"Mama, mchanga huo haukuchomi?" Mumbua aliuliza.

Alikuwa na miaka minne. Mchanga alioujua ni ule wa Umm Salal, mji wa jangwani walikoishi, unaochoma miguu mchana.

"Si mchanga, mwanangu. Ni theluji. Ukija tutaichezea."

Baba yake, Joram, alitaka azoee upesi. Ijumaa alimpeleka penye theluji ya kutengenezwa, ndani ya jumba la maduka. Akamshika mkono mtupu, akauzamisha.

"Inachoma!" Mumbua alilia. "Siendi kwa Mama!"

Tangu hapo, mama akipiga simu, mtoto alijificha. Joram alikosa raha. Akamweleza jirani yao, Mwalimu Hannah, anayefundisha chekechea.

"Baba Mumbua, ulimharakisha," Mwalimu alisema. "Baridi kali huuma kama moto. Mtoto hujifunza kwa kucheza, na mchezo haulazimishwi. Tuanzie nyumbani."

Walisaga barafu, wakaimimina katika beseni. Mwalimu akaweka kijiko na vikombe, kisha akakaa kando. Mumbua alichungulia. Barafu ilimeta. Ukungu mwembamba ulielea juu yake. Akachota kijiko kimoja, kisha kingine. Akajenga mlima.

"Mvalishe glavu," Mwalimu alimwambia Joram. "Acheze kidogo tu. Vidole vikianza kuuma, mkaushe na umpashe joto. Nguo zikilowa, mbadilishe."

Wakawa wanacheza hivyo kila jioni. Mumbua aliipa milima yake majina. Siku moja alivua glavu mwenyewe, akagusa kilele kwa kidole, akacheka. Mama alipopiga simu, hakujificha. Alimuuliza, "Theluji ya huko hulala wapi?"

Kisha akasema, "Baba, twende kule kwenye nyingi."

Walienda wamevaa makoti, soksi nzito na glavu. Mashine ilirusha theluji juu, nayo ikashuka polepole kama manyoya. Mumbua alilala chali. Chembe nyeupe zilitua kwenye kope zake.

Joram aliinama juu yake. "Unasikia baridi?"

"Baba, sogea kidogo. Unanizuilia theluji."

Joram akasogea. Halafu naye akalala chali kando ya mwanawe, akafumba macho.