Ndoo Juu ya Mizani

Mshale wa mizani ulikuwa ukiyumba huku na huku, na Jaji hakuwa na subira nao. Alitumbukiza mwiko mkubwa wa mbao ndani ya ndoo, akaushikilia wima bila kugusa chini, na maji yaliyokuwa yakicheza yakatulia mara moja. Akaongeza kikombe kimoja, akapunguza kidogo, mpaka mshale ukasimama kwenye kilo kumi na nane. Ndipo akachomoa mwiko na kuiburuta ndoo hadi kwenye mashine ya kukandia.

Upande wa pili wa chumba, binamu yake alikuwa bado anapima unga kwenye mizani nyingine. Alirudisha mshale kwenye sifuri, akainama hadi macho yakawa sawa nao, akaandika kwenye daftari, kisha akaanza na gunia jingine kwa mwendo uleule. Ndiyo maana Jaji alimwita Kobe, na jina likamganda. Yeye mwenyewe aliitwa Jaji kwa sababu hapakuwa na jambo ambalo hakulitolea hukumu.

Kiwanda kile kidogo cha mikate kilikuwa cha shangazi yake, mama mzazi wa Kobe. Shule zilipofungwa, shangazi aliwapa watoto hao wawili kazi ya kupima: Kobe unga, Jaji maji. Tangu siku hiyo kinyunya, ule unga uliokandwa, kilikuwa kikitoka kigumu, na mikate ikawa midogo na mizito kama matofali. Wateja walianza kununa. Shangazi aliona wazi kwamba unga unazidi, na mpima unga ni mmoja. Asubuhi hiyo alimwambia mwanawe mbele ya wote kwamba kinyunya cha leo kikiwa kigumu tena, ataondoka kwenye mizani akaoshe trei. Kobe alirudi kwenye magunia yake. Hapakuwa na kitu mle ndani alichokipenda kama ile mizani.

Jaji alimhurumia kidogo, lakini zaidi alimdharau. Hakuona ajabu mtu anayefikiri polepole kiasi kile kukosea hesabu ya gunia.

Mashine ilipokuwa ikizunguka, fundi wa tanuri alikaa juu ya kreti tupu, akaanza mchezo wao wa kila siku wa mafumbo. Aliuliza hivi: akisimama juu ya mizani, akajivuta nywele kwenda juu kwa nguvu zake zote, je, uzito wake utapungua?

"Fundi, kwanza zitafute hizo nywele," Jaji akamjibu.

Fundi akapapasa upara wake, akakubali kwamba kesi imefutwa.

Kisha Kobe, ambaye kwa kawaida alikuwa msikilizaji tu, akasema ana lake. Alilieleza taratibu. Ndoo ya maji iko juu ya mizani. Mtu anazamisha mkono ndani, hagusi chini wala pembeni. Mshale utabaki palepale, au utasogea?

Jaji akacheka kwa pua. "Hilo nalo ni fumbo? Mkono umebebwa na bega. Mizani itaujuaje?"

Fundi akamuunga mkono, akisema hata yeye akining'inia darini hawezi kuilemea sakafu. Wakamcheka Kobe vya kutosha, na Jaji akamshauri maswali ya namna hiyo ayapeleke kwanza chekechea.

"Mimi jibu silijui," Kobe akasema. "Ndiyo maana nauliza. Tupime."

Akajaza ndoo, akaipandisha kwenye mizani, akangoja hadi maji yatulie yenyewe. Jaji akapiga miayo ya makusudi. Kobe akakunja mkono wa shati na kuzamisha mkono hadi kiwikoni. Mshale ukasogea mbele. Akautoa, ukarudi.

Jaji akadai kwamba amegusa chini. Alimsukuma kando, akazamisha mkono wake mwenyewe, vidole vikiwa katikati ya maji kabisa. Mshale ukapanda.

Kobe akaanza kulifungua fumbo lake, neno baada ya neno. Maji huusukuma mkono juu, kama yanavyousukuma mpira ukijaribu kuuzamisha. Basi mkono nao unayasukuma maji chini. Maji yamekalia ndoo, na ndoo imekalia mizani.

Jaji hakusikia mwisho wake. Macho yake yalikuwa kwenye mwiko ulioegemea ukuta, umelowa hadi katikati.

Wakati huohuo shangazi aliingia, akasimamisha mashine, akakibinya kinyunya kwa kidole gumba. Kidole hakikuzama. Akamtazama mwanawe, akamwonyesha trei kwa kidevu. Kobe akafunga daftari lake.

Hakuna aliyekuwa ameng'amua isipokuwa Jaji. Angeweza kunyamaza, kesho akapima bila mwiko, na kinyunya kikilainika watu wangesema ni kwa sababu Kobe ameondolewa. Alilifikiria hilo kwa muda wa kutosha kuona aibu.

"Shangazi, si yeye," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa nashikilia mwiko majini ili mshale utulie."

Shangazi hakuona mwiko una kosa gani. Ikabidi Jaji aeleze, akitumia maneno ya Kobe karibu yote. Kobe hakumcheka. Tayari alikuwa ameuchukua mwiko na kuuzamisha ndani ya ndoo, ameinama mbele ya mshale.

"Umepanda gramu mia tisa," akasoma.

Maana yake ni kwamba kila siku kinyunya kilinyimwa karibu lita nzima ya maji. Wakayaongeza palepale, mashine ikazunguka tena, na safari hii kidole cha shangazi kikazama vizuri. Fundi akanung'unika kwamba wamekuwa na jaji asiyesikiliza mashahidi.

Shangazi alianza na kosa lake: yeye naye alimhukumu mwanawe bila kupima. Kisha akamgeukia Jaji.

"Umesema kweli, mwanangu, na nimefurahi. Lakini kosa lako halikuanza kwenye mwiko. Lilianza ulipomwona mwenzako mjinga, ukaona huna haja ya kujichunguza wewe. Ukimdharau mtu, unakwepa kazi ya kufikiri, na nusura mwenzako alipe gharama yake kwa kuosha trei."

Jaji akainamisha kichwa, akamwomba binamu yake radhi.

Kobe alikata kipande cha kinyunya, akakitia kwenye bakuli. Akauliza: kesho asubuhi kikishaumuka na kuwa kikubwa mara mbili, uzito wake utakuwa umeongezeka?

Jaji alifungua kinywa, hukumu ikiwa tayari ulimini. Akakifunga. Alipandisha bakuli kwenye mizani, akangoja mshale utulie wenyewe, akaandika namba kwenye daftari la Kobe, akafunika bakuli kwa kitambaa. Mstari wa jibu akauacha wazi.